Jamii asilia na uchambuzi wa data ya afya: waingie lini, wafanye nini

Swali la msomaji: Ninaratibu utafiti wa kisukari katika jamii asilia moja ndogo. Tumeshakusanya mahojiano 30 na madodoso 400. Tulipoanza tuliiahidi kamati ya jamii kwamba wanajamii watashiriki hadi mwisho, na sasa wanaidai ahadi hiyo: wanataka kuwamo katika uchambuzi. Kiongozi wa mradi anasema wengi wao hawajasoma takwimu, kwamba siri za watu zitavuja, na kwamba ubora wa kisayansi utapungua. Anapendekeza tuchambue wenyewe, kisha tuwaite siku moja waone matokeo na kutoa maoni. Tumebakiwa na miezi minne. Je, inawezekana? Tuanzie wapi?

Jibu: Inawezekana, na kwa data ya ukubwa huo miezi minne inatosha mkianza sasa. Pendekezo la siku moja ya maoni liacheni. Watu wakiitwa kutazama matokeo yaliyokwisha kupangwa, yenye mada, grafu na hitimisho, hawana la kufanya zaidi ya kuitikia au kulalamika. Maana imekwisha kuamuliwa, na kuibadilisha kungemlazimu mtafiti kurudia kazi ya wiki nyingi. Hatairudia. Atarekebisha maneno mawili matatu na kuandika kwenye ripoti kwamba jamii ilishirikishwa.

Hoja ya takwimu ina jibu. Kiongozi wako anauona uchambuzi kama hesabu, ilhali uchambuzi ni mlolongo wa maamuzi na hesabu ni sehemu yake ndogo. Mtu anayelala peke yake lakini anakula kwa dada yake kila siku, je, ahesabiwe kuwa anaishi peke yake? Makundi ya umri yakatwe kwenye miaka 45 kwa sababu ndivyo ilivyozoeleka, au pale ambapo mtu wa jamii hiyo anaanza kupewa majukumu ya uzee? Aliyejibu “situmii dawa” ameziacha, amezikosa, au anatumia dawa za mitishamba na hakutaka kumwambia mgeni? Programu ya kompyuta haijibu hata moja kati ya hayo. Mtafiti wa nje huyajibu kwa kukisia, na kisio lake huingia kwenye jedwali likiwa na sura ya ukweli. Ubora unaharibikia hapo, na wa kuuokoa ni mtu anayeyajua maisha yanayohesabiwa.

Mfano unaojulikana sana ni wa Barrow, Alaska, mji ambao leo unaitwa Utqiaġvik. Mwaka 1979 ulifanyika utafiti wa unywaji pombe miongoni mwa Wainupiat, jamii asilia ya mji huo, kwa kutumia dodoso la kupima ulevi lililotungwa kwa ajili ya watu wengine. Matokeo yalitangazwa kwa waandishi wa habari mbali na mji wenyewe, yakaishia kwenye vichwa vya magazeti vilivyowaeleza Wainupiat kama watu wanaoangamia kwa pombe. Jamii iliaibishwa, na hata uwezo wa mji kukopa kwa hati za dhamana ukaathirika. Kasoro za tafsiri ambazo wenyeji wangezionyesha katika kikao kimoja zilijadiliwa baadaye kwenye majarida, madhara yakiwa yamekwisha kutokea.

Leo hili halitegemei hisani ya mtafiti. Mwongozo wa kitaifa wa maadili ya utafiti wa Kanada, TCPS 2, katika sura yake ya 9 unataka wawakilishi wa jamii wapewe nafasi ya kushiriki kutafsiri data na kupitia matokeo kabla ya ripoti ya mwisho kukamilika. Kanuni za OCAP, zilizoasisiwa mwaka 1998 na Mataifa ya Kwanza, ambayo ni jamii asilia za Kanada, zinazungumzia mambo manne kuhusu data ya jamii: umiliki, udhibiti, ufikiaji na kuwa na data mikononi. Kanuni za CARE za mwaka 2019, zinazohusu data ya jamii asilia popote, zinaanza na manufaa ya pamoja na mamlaka ya jamii juu ya data yake. Mwonyeshe kiongozi wako hizo kama zitasaidia, ingawa kwa maoni yangu hoja ya ubora ndiyo itakayomgeuza.

Fomu za ridhaa kwanza

Kabla ya kumpa mwanajamii yeyote ukurasa mmoja, zisomeni upya fomu za ridhaa. Zikisema kwamba majibu yatasomwa na “watafiti wa mradi” tu, basi waliohojiwa hawakukubali kusomwa na jirani. Nia njema haiondoi tatizo hilo. Omba marekebisho kwenye kamati ya maadili, kisha mrudieni kila mmoja kati ya wale 30 na kumpa chaguo tatu: mahojiano yake yote, yakiwa yameondolewa utambulisho, yasomwe na kikundi cha uchambuzi, visomwe vipande tu, au yabaki kwa watafiti wa awali pekee. Ongeza swali moja ambalo wengi hulisahau: “Kuna mtu ambaye hungependa asome maneno yako?” Jina analolitaja linaheshimiwa bila kuulizwa sababu. Kazi hii huchukua wiki mbili hadi tatu, na wakati huo mnaweza kuendelea na maandalizi mengine.

Kuhusu siri, kiongozi wako ana haki ya kuogopa, ila hofu yake imeelekea kwingine. Katika jamii ndogo, kufuta jina hakumfichi mtu hata mkichambua wenyewe na kuchapisha mbali. Mwanamke mwenye pacha ambaye mume wake anaendesha gari la wagonjwa anajulikana na kila mtu. Wanaomtambua mtu kwa methali anayoipenda, kwa ugomvi wa zamani au kwa mwaka aliokatwa mguu ni wenyeji, kwa hiyo wenyeji ndio wakaguzi bora wa usiri. Mtu mmoja anayeaminika, aliyetia saini kiapo cha siri, apitie vipande vyote na kuonyesha maneno yanayomfichua mtu. Mtaondoa mambo ambayo msingeyashuku kamwe.

Kisha panga ufikiaji kwa tabaka. Watu wawili au watatu wa jamii, waliotia saini na kufundishwa, wasome mahojiano kamili. Kikundi kipana kipokee vipande vya nusu ukurasa vilivyochanganywa, bila namba inayounganisha kipande na kingine cha mtu yuleyule. Mpangilio huo una hasara, kwa kuwa kikundi hakitaona mkondo wa maisha ya mtu mmoja; ndiyo maana tabaka la kwanza linahitajika. Sauti zilizorekodiwa zisichezwe kwenye kikundi, kwani sauti haifichiki. Nakala za karatasi ziwe na namba, zigawiwe mwanzo wa kikao na kukusanywa mwisho wake. Visitumwe vipande kwenye simu za watu.

Kikundi na malipo

Watu sita hadi wanane. Wakizidi hapo, watatu watasema na wengine watasikiliza. Msichukue wajumbe wa kamati peke yao, maana mara nyingi ni watu wenye sauti tayari, na baadhi wanahusika na huduma zinazolalamikiwa kwenye data. Tafuteni mtu anayeishi na kisukari, mtu anayemhudumia mgonjwa nyumbani, kijana, mhudumu wa afya wa jamii, na wazee walioteuliwa kwa utaratibu wa jamii yenyewe. Mahali ambapo msichana hawezi kumpinga mzee hadharani, fanyeni vikao viwili kwa maswali yaleyale, kisha yaliyopatikana yasomwe pande zote mbili bila kutaja nani alisema. Ukiwalazimisha kukaa pamoja utapata makubaliano ambayo hayapo.

Malipo yahesabiwe mapema. Tuseme watu 7, vikao 8 vya saa tatu: saa 168. Ongeza saa moja ya kujiandaa kwa kila kikao, saa 56. Ongeza nusu siku mbili za mafunzo, saa nne kila moja, saa 56 nyingine. Jumla ni saa 280, kabla ya nauli, mkalimani, chakula na mtu wa kukaa na watoto. Kama bajeti haina fungu hilo, ni afadhali kupunguza vikao kuliko kuomba kazi ya bure kutoka kwa watu ambao watafiti wanaokaa nao meza moja wanalipwa. Wazee wapewe heshima yao kwa namna ambayo jamii huitoa, na hilo uliza usikisie. Hakikisha pia fedha zinatoka siku ya kikao. Taasisi ikilipa baada ya wiki nyingi, watu hawarudi kikao cha tatu. Na kama kuna anayepokea msaada wa serikali, chunguza kwanza kama malipo hayo yatampunguzia msaada.

Mahojiano

Uchambuzi ufanyike katika lugha ya mahojiano. Kutafsiri mahojiano yote kwanza ndiko kunakopoteza mengi, kwa sababu mfasiri analazimika kuchagua maana moja pale ambapo msemaji aliacha tatu. Lugha inaweza kuwa na neno moja linaloshika uchovu, huzuni na ugonjwa kwa pamoja. Likitafsiriwa “msongo wa mawazo”, mwili umekwisha kutolewa ndani yake na hakuna msimbo, yaani jina fupi linalobandikwa kwenye kipande cha mahojiano ili kukipanga na vinavyofanana nacho, utakaourudisha. Acheni maneno ya aina hiyo kama yalivyo, hata ndani ya daftari la misimbo, na mtafsiri tu nukuu zitakazochapishwa. Kumbukeni pia kwamba saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita kuandikwa. Kwa mahojiano 30 ya saa moja, hiyo ni kama saa 150. Kama hamjamaliza, anzeni na mahojiano matano yatakayotumika kwenye vikao vya kwanza.

Mafunzo yasiwe mihadhara. Nusu siku ya kwanza itumie vipande vya kubuni vinavyofanana na data, ili watu wakosee bila kumgusa mtu halisi. Nusu siku ya pili iwe ya usiri, kwa mifano migumu: utafanyaje ukimtambua binamu yako kwenye kipande? Utafanyaje ukiulizwa njiani mlijadili nini?

Kwa mfumo wa kazi, ule uitwao DEPICT, uliochapishwa na Flicker na Nixon mwaka 2015, unafaa kwa sababu uligawanywa katika hatua sita zinazoweza kubebwa na watu wasio na mafunzo ya utafiti: kusoma kwa makini, kutengeneza daftari la misimbo kwa pamoja, kuweka misimbo, kupitia na kufupisha kila kundi la maneno, kuchambua kwa pamoja, na kupeleka matokeo kwa wanaoyahitaji. Msiuchukue kama sheria. Faida yake ni kwamba kila hatua ina zao linaloonekana, na mtu akikosa kikao kimoja anajua kazi imefika wapi.

Kikao cha kawaida kinaweza kwenda hivi. Vipande vitano au sita vinasomwa kwa sauti, kila kimoja mara mbili, kwa sababu si wote wanaosoma kwa urahisi na kwa sababu maneno ya mdomo hueleweka vizuri yakisikika. Baada ya kila kipande, dakika tatu za kimya. Kisha watu wawili wawili wanajibu maswali matatu: msemaji anataka tuelewe nini? Nini hakikusemwa ambacho kila mtu hapa anakijua? Nani katika jamii angeyapinga maneno haya? Swali la pili ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, kwani mtu anayehojiwa haelezi yale anayoona kuwa dhahiri, na mtafiti wa nje hayaoni. Majibu yanaandikwa kwenye kadi, wazo moja kadi moja, yanapangwa ukutani, na kikundi ndicho kinachoyapa marundo ya kadi majina.

Ninasisitiza majina, kwa sababu jina la msimbo linabeba hukumu. Tuseme mtafiti amefungua msimbo unaoitwa “kutofuata matibabu” na kuutia vipande ishirini. Kikundi kikivisoma huenda kikavigawa: dawa ziliisha zahanati, dawa niligawana na mama, niliupumzisha mwili wakati wa msiba. Jina la kwanza linamlaumu mgonjwa na linaishia kwenye pendekezo la elimu zaidi. Majina matatu ya pili yanaelekeza kwenye ugavi wa dawa, kwenye kaya kama kitengo cha matibabu, na kwenye mazungumzo kati ya mhudumu na mgonjwa kuhusu siku za maombolezo. Vipande ni vilevile, lakini mapendekezo yanaenda pande tofauti kabisa.

Daftari likae kwenye misimbo 15 hadi 25. Kila msimbo uwe na jina, maana katika sentensi mbili, kinachoingia, kisichoingia, na mfano mmoja. Likishajengwa kwa mahojiano matano yanayotofautiana, lijaribiwe kwa matatu mengine na kurekebishwa, halafu mahojiano yaliyobaki yafanywe na jozi za mtafiti mmoja na mwanajamii wa lile tabaka la kwanza. Jozi mbili zifanye mahojiano yaleyale kwa sehemu ya kazi, kama asilimia 15, mlinganishe. Hapa wengi hukosea kwa kukokotoa kipimo cha makubaliano na kukifanya mtihani ambao mwanajamii anafeli. Mtafiti na mwanajamii wakitofautiana, andikeni tofauti hiyo kwenye daftari la maamuzi: kipande kipi, nani aliona nini, mliamua nini na kwa nini. Mara nyingi tofauti hiyo ndiyo matokeo yenyewe.

Jambo moja zaidi kuhusu visa. Mzee akiulizwa kuhusu lishe anaweza kusimulia safari ya ujana wake kwa dakika kumi. Mtafiti aliyezoea kukata sentensi ataandika “nje ya mada”. Kisa kisikatwe. Kipeni msimbo kikiwa kizima, kisha mkiulize kikundi kwa nini jibu la swali lile lilikuwa kisa kile.

Madodoso

Watafiti wengi wanaowashirikisha watu kwenye mahojiano huwafungia mlango kwenye namba. Kuna njia rahisi ya kuufungua: majedwali matupu. Kabla ya kuonyesha tarakimu yoyote, lete jedwali lenye safu na vichwa lakini bila namba, na uulize kila mmoja akisie. Kati ya vijana 10, wangapi waliopimwa sukari mwaka uliopita? Kati ya wazee? Kwa nini? Andikeni makisio, ndipo uonyeshe namba. Pale kisio na namba vinapolingana, mmepata maelezo ya sababu. Pale vinapopishana sana, ama jamii imejifunza jambo ama swali la dodoso lilieleweka vibaya, na yote mawili mnahitaji kuyajua. Bila makisio, watu huitazama grafu na kusema “sawa”, maana namba zilizochapishwa zina namna ya kumnyamazisha mtu.

Tumieni hesabu za watu badala ya asilimia inapowezekana: 4 kati ya 10. Grafu moja kwa karatasi, zisizidi sita kwa kikao. Elezeni mapema udhaifu wa makundi madogo. Katika kundi la watu 12, mtu mmoja akibadilisha jibu asilimia inapanda au kushuka kwa 8, na watu wakishaona hivyo kwa macho hawahitaji fomula ili waache kuamini kila tofauti.

Waulizeni pia kuhusu matundu. Swali lililorukwa na watu 60 kati ya 400 ni asilimia 15, na kompyuta itajitolea kuyajaza mapengo hayo kwa makadirio. Kabla ya kuiruhusu, uliza kikundi kwa nini watu wangeliruka. Huenda dodoso lilijazwa mbele ya mkwe. Huenda neno lililotumika ni la matusi katika lahaja ya upande mmoja. Katika hali hizo waliokaa kimya wanatofautiana na waliojibu kwa jambo lilelile mnalolipima, na makadirio yaliyotegemea waliojibu yatapotosha.

Suala la kulinganisha linahitaji mjadala wa kweli. Mazoea ni kuilinganisha jamii asilia na watu wengine wa nchi na kuonyesha pengo. Maggie Walter, mwanasosholojia wa jamii ya palawa, wenyeji asilia wa kisiwa cha Tasmania nchini Australia, ameeleza jinsi takwimu za jamii asilia zinavyozunguka tofauti, pengo, unyonge, ufukara na kasoro. Pengo lina matumizi yake, hasa mnapodai fedha kwa serikali. Lakini halimwambii mtu wa jamii afanye nini kesho. Kikundi kinaweza kuomba ulinganisho wa ndani: kaya zenye sukari iliyodhibitiwa zina nini ambacho jirani zao hawana? Data ile ile ya watu 400 inaweza kulijibu swali hilo kwa kiasi fulani, na mara nyingi hakuna aliyefikiria kuiuliza.

Hapa kiongozi wako ana hoja ya haki: maswali mapya yakizuka katikati ya uchambuzi, kuna hatari ya kuchokonoa data hadi ikubali. Dawa yake ni kuandika orodha ya uchambuzi uliopangwa kabla ya kufungua data, kikundi kikiwa kimeshiriki kuipanga, na kila kitakachoongezwa baadaye kiandikwe wazi kuwa ni cha uchunguzi. Sharti hilo liwabane watafiti na wanajamii sawasawa.

Visanduku vya jedwali vyenye watu chini ya 5 vifichwe, na msiishie hapo. Tuseme waliopata vidonda vya miguu ni 19, wanaume 16 na wanawake 3. Ukificha ile 3 na kuacha 19 na 16, yeyote anaitoa kwa kichwa. Ficha kisanduku cha pili, au unganisha makundi. Katika jamii ndogo kikundi kinaweza kutaka kiwango hicho kipandishwe hadi 10, kubalini.

Mkitofautiana juu ya matokeo

Swali hili lazima liwe na jibu la maandishi kabla ya kikao cha kwanza. Yatakapotokea matokeo mabaya, kila upande utakuwa na hofu yake na hamtaweza kutunga utaratibu wa haki wakati huo. Mkataba useme nani anaamua, kwa siku ngapi (siku 30 za kupitia rasimu ni za kawaida), na nini kinafuata mkikwama.

Inasaidia kutenganisha aina za ugomvi. Ukiwa juu ya maana ya namba, chapisheni tafsiri zote mbili, ya jamii ikiwa ndani ya matokeo na si kwenye kiambatisho. Ukiwa juu ya maneno, jamii ishike kalamu. Hakuna sayansi inayopotea kwa kuandika “wanaoishi na kisukari” badala ya neno linalowadhalilisha. Ukiwa juu ya madhara, zungumzeni wakati na muktadha: huduma za afya za jamii zipewe matokeo mapema zijiandae, viongozi wawe na majibu tayari, na chanzo cha tatizo kielezwe kwenye sentensi ileile inayolitaja. Msilofanya ni kubadilisha namba. Na yapo mambo ambayo jamii ina haki ya kuyazuia yasichapishwe kabisa, kama ujuzi wa dawa na sherehe ambao si wa kila mtu hata ndani ya jamii. Kanuni za maadili za Wasan wa Afrika Kusini, zilizotolewa mwaka 2017, zimejengwa juu ya heshima, uaminifu, haki, kujali na kufuata utaratibu, na ni mfano mzuri wa jamii inayosema yenyewe mipaka iko wapi.

Mkataba huo useme pia data itatumika kwa nini baadaye. Wahavasupai, jamii asilia ya Arizona nchini Marekani, walitoa damu kuanzia mwaka 1990 wakielewa kwamba ni kwa ajili ya utafiti wa kisukari. Damu hiyo ikatumika pia katika tafiti za skizofrenia, ambayo ni ugonjwa wa akili, na za asili na uhamaji wao. Wakafungua kesi, ikaisha mwaka 2010 kwa malipo ya dola 700,000 kwa wanajamii 41 na kurudishwa kwa sampuli. Kwenu hakuna damu, lakini mahojiano yenu yanaweza kufanyiwa vivyo hivyo yakiachwa kwenye hifadhidata bila sharti.

Msipuuze uzito wa kazi yenyewe. Mnawaomba watu wasome kuhusu kukatwa miguu, upofu na vifo vya watu ambao huenda ni ndugu zao. Kila kikao kiwe na mtu wa kumfariji anayehitaji, ruhusa ya kutoka bila kueleza, na dakika kumi za mwisho zisizo na kazi. Mtu akinyamaza vikao viwili mfululizo, msichukulie kwamba anakubaliana na yote. Mfuateni pembeni mumuulize.

Mkifika kuandika, elezeni uchambuzi shirikishi kwa undani uleule mnaoelezea kipimo cha maabara: watu wangapi, vikao vingapi, walifikia data ipi, walibadilisha nini. Mwongozo wa CONSIDER wa mwaka 2019, wenye vipengele 17 vya kuripoti utafiti wa afya unaohusu jamii asilia, unagusa uchambuzi moja kwa moja. Lile daftari la maamuzi litawapa aya hiyo karibu nzima. Waliofanya kazi ya waandishi waitwe waandishi, na anayetaka jina lake lisionekane aachwe.

Kuhusu ratiba yenu ya miezi minne, yaani wiki kama 17: ridhaa, mkataba na malipo wiki ya 1 hadi ya 3, mafunzo wiki ya 4, vikao vinne vya mahojiano hadi wiki ya 9, huku jozi zikiendelea kuweka misimbo, vikao viwili vya madodoso hadi wiki ya 11, vikao viwili vya kuunganisha mahojiano na namba hadi wiki ya 12, rasimu isomwe kwa sauti mbele ya kikundi na kamati mara tu baada ya hapo, ili zile siku 30 ziishe ndani ya muda. Kabla ya kuipitisha, iulize kamati kuhusu misimu ya sherehe, mavuno au uwindaji, na muwe tayari kuahirisha kukiwa na msiba. Muda ukibana, punguzeni idadi ya grafu na idadi ya mahojiano yanayosomwa kikundini. Mafunzo, majedwali matupu na kusoma rasimu kwa sauti visiguswe.